Kijiti cha Kereng'ende Mwekundu

Kijiti chenyewe kilikuwa laini mno kwa kijiti cha kinamasini, na hapo ndipo Gracia alipopaswa kushtuka. Kilisimama peke yake katikati ya matete, kimo cha kiuno cha mtu mzima, kimemenywa gamba lote, na kichwa chake kiling'aa kama mpini wa jembe la zamani. Kijiti kilichosukumwa na maji hakiwi hivyo. Lakini nenda kamuulize mpiga picha mwenye haraka kama anatazama kijiti! Gracia alikuwa anamtazama aliyekaa juu yake.

Alikuwa kereng'ende mwekundu wa pilipili iliyoiva, mbawa zake nne zina doa la kahawia karibu na mwili, na jua likizipiga zinatoa zambarau. Kwa siku tatu Gracia alikuwa anapanda pikipiki kutoka Kamembe hadi bonde moja la Gitambi kumtafuta huyo huyo. Chama kimoja cha wapenda mazingira cha Kigali kilikuwa kinatengeneza kitabu cha wadudu wa vinamasi, na sharti lao lilikuwa moja tu: mdudu apigwe picha akiwa hai, mahali pake mwenyewe, bila kukamatwa wala kupozwa kwenye barafu ili atulie. Picha ya jalada ilikuwa bado haijapatikana. Kwa miaka sita Gracia alikuwa amepiga picha za vitambulisho na za harusi katika chumba kimoja cha kupanga, na aliitaka picha hiyo ya jalada kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mumewe, Delphin.

Delphin hakuzipenda safari hizo hata kidogo. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilitoka hata hazijafika miezi mitatu, na hii ya tatu walikuwa wanaitembeza nyumbani kama yai mfukoni. Gracia alimwahidi kwamba atamwambia mwenye pikipiki aende polepole, na ahadi hiyo aliitimiza nusu.

Sasa, kereng'ende wa aina ile hatangatangi. Huchagua kituo kimoja, huruka kuwinda, kisha hurudi palepale, hata mara mia kwa siku. Kwa hiyo mwenye kamera hamkimbizi. Anakaa kimya mbele ya kituo na kusubiri. Shida ni kwamba kituo hiki kilikuwa kwenye kivuli cha mafunjo, jua likiwa nyuma yake, na picha zote zilitoka nyeusi. Basi Gracia akafanya ambavyo wengi wa kazi yake wangefanya. Akavua viatu, akaingia matopeni, akakishika kijiti kwa mikono miwili akakivuta. Kiligoma, kiligoma, halafu kikatoka ghafla, na tundu lake likajaa maji kwa sauti ya koo linalomeza. Akakisimamisha hatua nane pembeni, penye mwanga.

Mtu wa Gitambi asingethubutu. Kijiti kilichomenywa, kilichosimama majini, huko hakiguswi, na hata ng'ombe hupitishwa mbali nacho. Lakini Gracia alizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, mjini kabisa, wazazi wake ni Wanyarwanda wa kule, na alirudi upande huu akiwa msichana mkubwa. Ya vinamasi hakufundishwa na mtu.

Kereng'ende alizunguka mara mbili, akashuka, akakaa kichwani pa kijiti. Gracia alicheka peke yake kwa furaha. Alipiga picha sitini na tatu. Vyura walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, naye hakujali. Ilikuwa saa sita kamili mchana, na mtoto aliyekuwa anampiga mateke tangu asubuhi akatulia tumboni.

Na kwa kuwa kijiti kilikuwa kizuri, akakichukua. Kingemfaa kwenye bonde lingine, alijiambia. Akakiingiza kwenye mfuko mrefu wa miguu ya kamera, akapanda pikipiki, akarudi Kamembe nacho mgongoni.

Jioni alizifungua picha kwenye kompyuta. Zilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe. Kila unywele wa miguu ya mdudu ulionekana. Lakini kati ya picha na picha, mdudu aliporuka kwenda kuwinda, kamera ilikuwa imeendelea kupiga kijiti kitupu, na katika hizo Gracia aliona jambo lililomfanya asogeze kiti karibu. Kijiti kilikuwa kinainama. Ya kwanza kilisimama wima. Ya kumi kilikuwa kimelegea kidogo mbele, kama kimekaliwa na kitu kizito. Ya sitini kilikuwa kimeinama kabisa kuelekea kamera, na kamera wakati huo alikuwa ameishika mbele ya tumbo lake. Akasema ni matope laini. Akachagua picha ya ishirini na mbili, akaituma Kigali, na kijiti akakiegemeza kwenye kona ya studio, nyuma ya kiti cha wateja.

Kesho yake saa sita, kiti cha wateja kilikuwa kimelowa.

Alidhani ni mama mmoja wa Gashonga aliyetoka kupigwa picha na kikapu cha mboga mapajani. Akapangusa. Siku ya pili kikalowa tena, na siku hiyo hakukuwa na mteja tangu saa nne. Maji yalikuwa yametuama penye kukaliwa tu, mengine yakidondoka sakafuni tone kwa tone, na yalinuka matope na majani yaliyooza. Halafu ikaja sauti ya mbawa kavu, kraa, kraa, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, mara kwenye dari, mara sikioni kwake. Alitafuta mdudu huyo kwa fagio mpaka akachoka. Hakukuwa na mdudu.

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomtia hofu ni mtoto. Tangu siku ya kinamasi alikuwa hachezi asubuhi, hachezi jioni, tumbo kimya kama mfuko wa unga. Saa sita tu, kiti kilipolowa, ndipo alipogeuka, na alijigeuza polepole na kwa uzito, si vile viteke vya mwanzo. Gracia alikwenda kituo cha afya. Muuguzi akasikiliza, akasema moyo unapiga vizuri sana, hata una nguvu kupita umri wake, arudi nyumbani apumzike. Gracia akarudi, ila kupumzika alishindwa. Mama aliyekwisha kupoteza mara mbili hulijua tumbo lake, na yeye aliona waziwazi kwamba hili limekuwa la ugenini.

Alhamisi ya wiki ya tatu akaingia kijana.

Gracia alikuwa ameinama anafuta lenzi, na alipoinua macho kijana alikuwa amekwisha kukaa kitini. Umri wake kama miaka kumi na tisa, mpole, shati limemganda mwilini. Nje jua lilikuwa kali, lakini Gracia alikuwa na wateja wanne wa kumaliza picha zao na akili haikuwa hapo. Alimuuliza picha ya nini, kijana akatabasamu tu. Alimuuliza jina, akalisema taratibu, naye akaliandika juu ya bahasha kama afanyavyo siku zote. Akamwambia ainue kidevu. Akamwambia asogee kushoto. Akambonyezea kamera mara tatu, na kila taa ilipowaka kijana alionekana amesogea karibu zaidi ingawa kiti hakikusogea, na macho yake yalikuwa hayamtazami usoni bali yameteremka tumboni mwake na kutua hapo, kwa hamu ya mtu aliyesimama barazani wakati wa mvua akitazama ndani penye moto, na Gracia akaishusha kamera mbele ya tumbo.

"Unazungumuza na nani?" Delphin aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Na client."

"Client gani? Miye niko hapa ku mulango muda murefu. Niliona unasema peke yako." Akanyoosha kidole. "Gracia, ile kiti iko na maji."

Gracia aligeuka kumtazama mumewe, kisha akageuka tena. Kiti kilikuwa kitupu, maji yakitiririka kwenye miguu yake minne. Akazirudisha picha kwenye kioo cha kamera. Picha tatu zilionyesha kitambaa cheupe na kiti kilicholowa, na pembeni kijiti, kimeinama mbele. Juu ya bahasha, kwa mwandiko wake mwenyewe, paliandikwa Ndizeye. Hawakumjua Ndizeye yeyote. Ndani ya tumbo mtoto alijinyoosha kwa nguvu hata Gracia akakaa sakafuni bila kupenda.

Akina mama wa kikundi cha sala walikuja wakaomba na kuimba kwa saa mbili, na mmoja wao akaondoka viatu vyake vimejaa maji, akasema hatarudi. Ndipo Delphin, shingo upande, maana alikulia kwenye familia ya wanakwaya, akamtafuta Mzee Hamdani. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa Kamembe, aliyejulikana kuwa anasoma na mambo yanaondoka. Alikuja saa tano na nusu, akakaa kwenye mkeka, akafungua kitabu, akaanza. Saa sita ilipotimia kiti kikaanza kutona maji. Mzee alisoma kidogo, akasita, akafunga kitabu. Akaomba aonyeshwe vitu vyote vipya vilivyoingia chumbani tangu mwezi uanze. Vilikuwa viwili: wino wa printa, na kijiti.

Alikitazama kijiti bila kukigusa.

"Maman Gracia," alisema polepole, "hapa hakuna kya kufukuza. Jini nikilisomea linatoka, sababu lilikuya lenyewe. Huyu hakukuya. Weye njo ulimubeba."

Akawaeleza kwa kirefu, huku akizipanga chini sindano zake za cherehani. Huyo ni mtu, alisema, aliyekufa mahali pasipojulikana, na watu wake walimwekea mahali pa kukaa, na mmoja wao humwita hapo, ili asizurure. Kijiti hicho ndicho kiti chake, na Gracia alikichukua naye bado amekikalia. Sasa anatafuta pa kukaa penye joto, na pa karibu, alisema akilitazama tumbo la Gracia, panajulikana. Kuna mambo mawili, na lazima yawe yote mawili: kijiti kisimame palepale kilipotoka, na yule aliyekuwa anamwita amwite tena, kwa mdomo wake, arudi kukaa. Mtu mwingine akimwita hasikii. Gracia akauliza kama kuna muda. Mzee Hamdani akavaa viatu vyake bila kumtazama, akasema waende kesho.

Gracia na Delphin walikwenda kesho yake, bila mzee, kwa pikipiki mbili, kijiti kikiwa kimefungwa kwenye kitenge. Gitambi hawakuhangaika kuuliza. Delphin alitaja lile jina mara moja tu kwa watu waliokuwa wanapalilia mpunga, nao wakaacha kupalilia, na mmoja akanyoosha mkono kuelekea mafunjo.

Kando ya lile tundu alikaa mama mzee, miguu majini. Aliitwa Mukansanga. Kiswahili alikijua vizuri, kwa kuwa miaka mingi aliuza ndizi sokoni Bukavu. Alikiona kitenge, akakitambua kilichomo kwa urefu wake, na uso wake ukakunjuka.

"Weye njo ulikamata kijiti ya mutoto yangu?"

Gracia alipiga magoti matopeni, akaeleza yote bila kujificha, kereng'ende, mwanga, picha ya jalada. Alitegemea matusi. Mukansanga hakutukana. Naye akasimulia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na maji. Ndizeye alikuwa mwanawe wa mwisho. Miaka miwili iliyopita, mvua za mwezi wa nne, mkondo ulimchukua hapa saa sita mchana akivuka na gunia la mihogo, ukaenda naye kwenye mto mkubwa, na mwili haukuonekana. Kaburini walizika shina la mgomba badala yake. Na hapa, alipoonekana mara ya mwisho, walisimamisha kijiti kama ukoo wao unavyofanya, ili aliyekosa kuzikwa apate kituo. Kila siku saa hiyo mama huja, hukishika kichwa, humwita akae; siku ile ya kamera alichelewa, akakuta tundu tupu. Kichwa cha kijiti kiling'arishwa na viganja vya mikono yake. Kwa wiki tatu alikuwa anakuja na kushika hewa.

Delphin alikichomeka kijiti ndani ya tundu lile lile, akakikandamiza matope mpaka kikasimama imara. Jua lilikuwa limefika utosini. Mukansanga akaosha mikono, akakishika kijiti, akainama kidogo.

"Ndizeye," aliita. "Ngwino wicare." Njoo ukae.

Vyura wakanyamaza. Mafunjo yote yalisimama tuli, na Gracia, ambaye alikuwa ameshikilia mkono wa Delphin kwa kucha, akatazama kichwa cha kijiti akisubiri kiiname, akisubiri hata yule mdudu mwekundu ashuke akae, akiahidi moyoni kwamba hatashika tena kamera, kwamba picha ya jalada waichome, kwamba mtoto huyu akirudi kuwa wa kwake atamlea bila kulalamika siku moja, na kijiti hakikuinama, na mdudu hakuja, bali kile kilichokuwa ndani yake kikageuka chote kwa mara moja, kikaielekea ile sauti, kikasukuma ngozi kutoka ndani mpaka gauni likainuka, pale wote watatu walipokuwa wanatazama.

Mukansanga alikiachia kijiti.

Alikuja kwa magoti juu ya matope. Aliweka kiganja chake cha baridi juu ya tumbo la Gracia, akaita tena, safari hii kwa kunong'ona, na chini ya kiganja kikajibu, mara moja, mara mbili.

"Mwite arudie kule, Maman," Gracia alinong'ona. "Ku kijiti. Weye tu njo anasikia. Nakuomba."

Mama mzee machozi yalimtoka, akawa anatabasamu humo humo. "Myaka mbili namuita," alisema. "Kila saa sita. Hajanijibu hata siku moya. Leo ananijibu."

"Na wangu? Mutoto yangu iko wapi?"

Mukansanga aliyatazama maji. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe kwa miaka miwili. Alinyanyuka, akarudi kwenye tundu, na Delphin akashusha pumzi akidhani sasa anakwenda kumwita. Aling'oa kijiti. Alikipangusa matope kwa kitenge chake, taratibu, kuanzia chini hadi juu, akakiweka kwenye goti akakivunja. Delphin aliruka, lakini mkono wake ulifika vipande viwili vimekwisha kuelea juu ya mkondo, vinateremka kuelekea mto mkubwa.

"Mama gani atamuita mutoto yake arudie mu baridi?" alisema. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayetaka wamtajie hata mmoja.

Gracia alikaa matopeni, mikono yote miwili juu ya tumbo, na tumbo lilikuwa limetulia kwa raha tele. Alijaribu kulichukia akashindwa, na hilo ndilo lililomliza.

Mukansanga alikausha mikono yake vizuri, akachutama mbele yake, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge kama afanyavyo mama mkwe mwema.

"Utazaa mwezi gani?" akauliza.